Wake Waliokwenda Kusalimia

Mwezi wa nne, katika ukumbi mmoja wa mjini Bariadi, baba yangu mdogo Mashimba alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akailaani talaka. Ilikuwa semina ya siku moja kuhusu kuvunjika kwa ndoa. Ukutani palikuwa na chati, mezani maji ya chupa, na mbele yetu ofisa mwenye tai akionyesha mstari mwekundu unaopanda mwaka hadi mwaka. Washiriki walitafuta chanzo. Wengine walisema simu. Wengine walisema vikoba. Baba mdogo alisema ni wanawake wa siku hizi, hawavumilii, zamani mwanamke akiolewa alikaa. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtu aliyekuwa akishangiliwa alikuwa ameshaacha wake wawili na alikuwa njiani kumwacha wa tatu. Lakini kwenye chati ile hayumo. Hajawahi kufika mahakamani, hajawahi kuitwa baraza la kata, hajawahi kuandika talaka hata moja. Katika takwimu za wataalamu wetu, Mashimba ni mume mwema wa ndoa imara.

Njia yake ni rahisi, na haina jina kwenye sheria. Kwetu, pamba ikishauzwa, ni heshima mume kumpa mke ruhusa akawasalimie wazazi wake. Anamnunulia kitenge, anamfungia sukari, anampandisha gari. Mke anakaa kwao wiki moja au mbili, kisha mume anamfuata. Asipofuatwa harudi, maana mwanamke anayejirudisha mwenyewe ni kama amejiokota njiani. Ni desturi nzuri. Baba mdogo ameigeuza panga. Yeye hupeleka, hafuati.

Wa kwanza alikuwa Milembe wa Kimali, aliyetolewa ng'ombe kumi na wawili. Alilima naye miaka tisa, akamzalia Joyness na Mahona. Mwaka ambao pamba ilikubali kuliko miaka yote, alipewa kitenge, akaenda kusalimia, akamwacha Joyness ana miaka minane. Akasubiri kufuatwa mpaka alipochoka, akaolewa na mwingine. Wa pili alikuwa Generoza wa Malampaka, ambaye mama yake anauza chai na maandazi karibu na stesheni. Huyo alizaa Erasmus. Kitenge kilimkuta Erasmus ana mwaka mmoja, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya, na baba mdogo akasema mtoto wa kiume habebwi kwenda ujombani. Joyness wakati huo alikuwa darasa la sita. Alimbeba Erasmus mgongoni muhula mzima na darasani hakuonekana. Watu walimsifu: "Katoto haka kana akili, kanalea kama mtu mzima." Hawakuona aibu kusema hivyo.

Mvua zilipokaribia, kabla ya kupanda, baba mdogo alimleta Felisita wa Kalemela. Mtazame vizuri mtu huyu. Ndoa zake zote zinaanzia kwenye jembe na kuishia kwenye mzani. Mke anapatikana wakati magugu yanaota, anaachwa wakati marobota yamepakiwa. Ng'ombe wa kulimia tunamlisha hata kiangazi.

Felisita alikuwa binti wa watu wa ziwani, mrefu, mcheshi, hajui pamba. Alijifunza. Lakini jambo alilolifanya siku ya pili tu baada ya kufika lilikuwa kumshusha Erasmus kutoka mgongoni mwa Joyness na kumfunga mgongoni mwake. Akamwambia, "Wewe nenda shule. Huyu sasa ni wangu." Joyness alirudi darasani, akamaliza la saba, akafaulu kwenda sekondari. Kwa miaka karibu mitatu msichana yule alikuwa mtoto tena. Mwaka huu yuko kidato cha pili, ana mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja, na kila aliyeijua kaya ile alijua kwamba shule ya Joyness imesimama juu ya mgongo wa Felisita. Felisita akiondoka, shule imekwisha.

Siku kitenge kilipofika nilikuwepo. Ilikuwa katikati ya Julai, shule zimefunguliwa. Felisita alikuwa uani anapepeta mtama, mtoto wake wa miezi saba amelala kwenye kanga chini. Baba mdogo alishuka kwenye bodaboda na mfuko wa plastiki. Jirani yetu Stephania, ambaye macho yake hayana likizo, aliinuka upande wa pili wa uzio wa minyaa, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, ngosha! Kimefika? Cha njano safari hii? Cha Generoza kilikuwa cha bluu."

"Stephania, pika chakula cha mumeo," alijibu baba mdogo.

"Wangu ananinunulia vitenge Krismasi tu. Bahati yangu!"

Felisita alifungua mfuko. Kitenge doti moja, sukari kilo mbili. Hakupaza sauti. Alikuwa amesikia, kama sisi sote, kuhusu Harieth wa mjini, mwenye mgahawa, aliyemwambia baba mdogo kwamba haingii kwenye nyumba yenye mwanamke mwingine.

"Umechoka, mama," baba mdogo alisema kwa sauti ya upole, ile anayoitumia mwezi huo tu. "Umefanya kazi. Nenda Kalemela ukawasalimie wazee."

"Pamba haijaisha, Baba Joyness. Upande wa mtoni hatujachuma hata mstari mmoja."

"Iliyobaki Joyness atamalizia."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa wake wale wawili alisubiri pamba iishe yote ndipo anunue kitenge. Mwaka huu haraka ya Harieth ilimchanganya hesabu. Na angenyamaza tu, nadhani Felisita angekunja vitu vyake na kuondoka kama wenzake, kwa maana alikwishachoka naye. Lakini alimtaja Joyness.

"Na shule?"

"Shule haikimbii. Pamba inaanguka."

"Wiki ngapi?"

"Mpaka iishe. Halafu kuna hawa wadogo, nani atawapikia? Si ni dada yao?"

Felisita alikunja kile kitenge taratibu, pembe kwa pembe. "Sawa, Baba Joyness," akasema. "Nitakwenda kusalimia."

Kesho yake baba mdogo aliwahi mjini kumpa Harieth habari njema. Felisita aliwaamsha watoto wote wanne: Joyness, Mahona, Erasmus na yule mchanga. Madaftari ya Joyness aliyatia kwenye gunia la pamba pamoja na sare yake. Alimpita Stephania mlangoni, na Stephania, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliona jambo na hakulitangaza hadi jioni. Baba mdogo aliporudi alikuta kuku na ufunguo. Alipiga simu akiwa amesimama palepale uani.

"Mko wapi?"

"Tumekwenda kusalimia," alijibu Felisita.

"Watoto unawapeleka wapi?"

"Nao hawajawahi kuliona ziwa."

"Mnarudi lini?"

"Utakapotufuata."

Ukoo uliitwa. Wazee saba walikaa kwenye viti vya plastiki, na baba mdogo akalalamika kwamba ameibiwa watoto. Alizungumza juu ya haki yake, juu ya ng'ombe kumi na wawili, juu ya dunia iliyoharibika. Alipomaliza, babu Jilala, ambaye ni kiziwi wa sikio moja na hupenda kuuliza maswali mafupi, alisema, "Umewafuata?"

"Nimefuata nini, babu?"

"Si umesema wamekwenda kusalimia? Mtu akienda kusalimia anafuatwa. Umewafuata?"

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Wa pili alichelewa kukohoa, akacheka. Lakini usidhani walimkemea. Walicheka, wakanywa soda zake, wakamshauri aende akachukue mtoto mkubwa kwanza, kwa sababu pamba inaharibika. Wazee saba wenye wajukuu wanaosoma, na hakuna aliyelitaja neno mtihani. Nililitaja mimi. Wakaniambia nina haraka, nioe kwanza.

Huko njiani Felisita alikuwa anagawa watoto, na hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote. Alimpigia simu Milembe kule Kimali awachukue Joyness na Mahona. Simu ilipokelewa na mume mpya. "Mimi nilioa mke," alisema mume huyo, "sikuoa na mizigo." Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke ikiomba apewe simu, kisha ikakatika. Joyness alikuwa amekaa kiti hichohicho cha basi, bega kwa bega na Felisita. Alisikia yote. Akafungua dirisha.

Malampaka walimkuta Generoza anakanda unga kwenye banda la mama yake. Alimwona mwanawe baada ya miaka mitatu. Akapiga magoti kwenye vumbi na mikono yake ya unga, akamwita kwa jina. Erasmus akajificha nyuma ya sketi ya Joyness. Generoza akampa andazi. Akalichukua, akaendelea kujificha. Mchana kutwa alimwita Joyness mama mbele ya mama yake. Ilibidi wamsubiri alale ndipo wapande gari, na Joyness alilazimika kuvua kanga yake, ambayo mtoto alikuwa ameishika kwa ngumi. Wakaiacha hukohuko.

Wataalamu wa ile semina waliuliza talaka inaathirije jamii, na wakagawana makundi ya majadiliano, na kalamu za rangi. Wangepanda gari waende Malampaka wakamwone mwanamke anavyojitambulisha kwa mwanawe. Lakini huko hakuna chakula cha mchana.

Felisita akabaki na watatu. Mmoja wake, wawili wa mwanamke ambaye hajawahi kumwona uso kwa uso. Sheria haimjui Felisita kwa Joyness. Si mama, si ndugu, na sasa si mke wa baba. Alimpeleka kwao Kalemela, akampeleka sekondari ya pale, akamwambia mwalimu wa taaluma, "Huyu ni mwanangu." Mwalimu Lusajo, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na uhamisho, alimwangalia Felisita, akaangalia umri wa Joyness, akaona kabisa kwamba hesabu haikubali. Akasema, "Aingie darasani. Barua ya uhamisho tutaifuatilia."

Baada ya wiki mbili baba mdogo alisafiri. Alinichukua mimi kwa sababu nina digrii, akidhani digrii ya mpwa, maana ananiita hivyo akinihitaji ingawa mimi ni mtoto wa kaka yake, itawatisha walimu. Kwa akina Felisita hakutaka kufika. Akikanyaga ua ule, yeye ni mkwe aliyekuja kufuata mke; atakalishwa, atatozwa faini ya kuchelewa, na atalazimika kuondoka na Felisita. Kwa hiyo alipita nyuma ya nyumba zao kama mwizi wa kuku, ameinamisha kofia, mama mkwe wake akianika dagaa upande wa mbele. Akaingia shuleni.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," alimwambia Mwalimu Lusajo.

"Karibu, mzee. Anaumwa?"

"Haumwi. Kuna kazi nyumbani."

"Kazi gani?"

Baba mdogo alinitazama nimsaidie. Nilitazama ratiba ya vipindi ukutani.

"Pamba," akasema.

Lusajo hakubisha. Alifungua droo, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaziweka mezani kwa adabu zote. "Hakuna tabu, mzee wangu. Wewe ni baba. Andika tu hapa: mimi Mashimba ninamtoa mwanangu kidato cha pili ili akachume pamba. Tarehe. Sahihi. Mimi naipeleka kwa mtendaji wa kata, mtoto unaondoka naye."

Baba mdogo aliishika kalamu. Anajua kuandika, alifika darasa la saba. Alikaa nayo muda mrefu, akaizungusha, akaikagua kama anataka kuinunua. Kisha akairudisha mezani.

"Haya mambo ya familia hayaandikwi," alisema.

"Basi mwite umuulize mwenyewe."

Joyness aliletwa. Alipomwona baba yake alipiga magoti, kama alivyofundishwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chukua nguo zako twende."

"Twende na mama?"

"Mama yupi?"

Alisema hivyo. Hakuwa na nia ya kukejeli. Aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza ni basi gani. Mwalimu Lusajo aliacha kuandika. Joyness alibaki ameinamisha kichwa, na nilidhani analia. Alipoinua uso, macho yalikuwa makavu.

"Yeyote, baba," akasema. "Mfuate yeyote kati yao. Ukirudi naye, na mimi nitarudi."

Darasa la jirani lilikuwa likiimba majibu. Baba mdogo alifungua mdomo. Nakwambia alitafuta. Niliona kabisa anawapitia mmoja mmoja, wa Kimali, wa Malampaka, wa hapo nyuma ya nyumba, na kila alipofika alikuta mlango umefungwa. Akavaa kofia.

"Amefundishwa huyu," alimwambia mwalimu.

"Ndiyo kazi yetu," Lusajo alijibu.

Kwenye gari la kurudi baba mdogo alinieleza kuanzia Lamadi hadi Bariadi kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu kwa sababu wanalelewa na mama wa kambo. Pamba ya upande wa mtoni aliichuma kwa vibarua, imeingia vumbi, imeshuka daraja. Nilitarajia angalau aibu. Oktoba alimwoa Harieth. Wazee wale saba walikaa mstari wa mbele, na mshereheshaji alimtaja bwana harusi kuwa mfano kwa vijana tunaoogopa kuoa. Mgahawa wa Harieth ulifungwa, maana mvua zilikuwa karibu.

Joyness alifanya mtihani Novemba. Jumapili anaomba simu ya Felisita na kupiga Malampaka. Wiki za kwanza Erasmus alikuwa analia akisikia sauti yake. Siku hizi anaulizwa kama anataka kuongea na anakataa, anacheza. Generoza anasema ni vizuri, amezoea. Joyness naye anasema ni vizuri. Mahona amejifunza kuvua.

Matokeo yalitoka Januari. Joyness amefaulu vizuri. Nilimpelekea baba mdogo habari shambani, nikiwa na wazo la kijinga kwamba labda yatamgusa. Yalimgusa. Alitupa jembe, akawaita majirani waliokuwa wakipalilia mashamba ya jirani, akasimama juu ya tuta kama alivyosimama ukumbini.

"Binti yangu Joyness amefaulu! Damu yangu hiyo! Nimemlea kwa mikono hii, bila msaada wa mwanamke!"

Wakampigia makofi. Watu wazima, wanaomjua, wenye majembe mikononi, wakampigia makofi. Mmoja akasema baba kama huyu ni nadra. Stephania peke yake alitema mate pembeni na kuendelea kupalilia.

Mistari mitatu nyuma yetu Harieth alinyoosha mgongo. Kanga ilikuwa imelowa jasho, na mikono ile iliyozoea sahani ilikuwa na malengelenge. Alikuja hadi nilipo, akaniuliza kwa sauti ya chini, mumewe asisikie:

"Shemeji, huyo Joyness ni nani?"